Matairi ya otokrosi: Namba za ubavuni zinavyoamua faida au hasara ya mwagizaji

Oda ya matairi ya mbio ni ndogo ikilinganishwa na oda ya matairi ya malori, lakini ni rahisi zaidi kumtia mwagizaji hasara. Tairi likiwa la aina isiyofaa, au likiwa limekaa ghalani miaka mingi, dereva wa mbio hatalichukua, na mwenye gari la kawaida hana sababu ya kulilipia bei hiyo. Mzigo unabaki dukani na mtaji umefungwa.

Wateja wa matairi haya si timu kubwa zenye wafadhili. Wengi ni madereva wa ridhaa: mtu ana Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution, anaendea kazini siku za wiki, na Jumapili analipeleka uwanjani. Mtu wa namna hii hununua kwa fedha yake mwenyewe na huhesabu kila shilingi. Mfanyabiashara anayetaka arudi tena dukani lazima ajue anachomuuzia.

Swali la kwanza: lami au udongo?

Jina otokrosi lina maana mbili, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Nchini Marekani, mashindano yanayosimamiwa na Sports Car Club of America (SCCA) hufanyika kwenye maegesho makubwa au viwanja vya ndege vya zamani. Njia huchorwa kwa koni, gari hushindana na saa, na mzunguko mmoja kwa kawaida huchukua kama dakika moja. Tangu mwaka 2009 fainali zao za kitaifa zimekuwa zikifanyika Lincoln, jimbo la Nebraska, juu ya zege.

Nchini Kenya, ambako kuna mashindano ya kitaifa ya otokrosi chini ya Kenya Motor Sports Federation, mchezo huo huchezwa kwenye udongo na changarawe. Huko tairi linatakiwa kuwa na kashata nene zilizoachana ili zichimbe na kutema udongo, na ubavu mgumu usiopasuliwa na mawe. Tairi laini la lami, hata liwe ghali kiasi gani, huteleza kwenye vumbi na kuchanika mapema.

Kwa hiyo oda ya "matairi ya otokrosi" isiyotaja uwanja haijakamilika. Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi matairi ya lami, ambayo ndiyo yenye namba nyingi za kusoma na ndiyo yanayochanganya wanunuzi.

Namba 200 maana yake nini

Matairi ya magari madogo yanayouzwa Marekani huandikwa ubavuni namba ya uchakavu. Namba hiyo inatokana na jaribio linalofanyika barabarani karibu na San Angelo, Texas, ambako tairi huendeshwa maili 7,200, yaani karibu kilomita 11,600, na kulinganishwa na tairi la kipimo. Kipimo cha msingi ni 100. Tairi lenye 200 linatarajiwa kudumu mara mbili ya lile la 100 katika mazingira ya jaribio hilo, na lenye 400 mara nne.

Kwa madereva wa mbio namba hii ni muhimu kwa sababu ya kanuni. SCCA inataka magari ya madaraja yake ya barabarani yatumie matairi yenye namba isiyopungua 200. Matairi kama Yokohama Advan A052, Bridgestone Potenza RE-71RS, Falken Azenis RT660 na Hankook Ventus R-S4 yote yameandikwa 200. Toyo Proxes R888R limeandikwa 100, hivyo halikubaliki katika madaraja hayo ingawa kwa macho linafanana na mengine.

Hata hivyo mwagizaji asiichukue namba hii kama ahadi. Anayeiandika ni mtengenezaji mwenyewe, baada ya majaribio, na serikali ya Marekani haimpi kila mmoja namba yake. Matairi mawili yenye 200 yanaweza kupishana sana kwa maisha. Vilevile, matairi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huenda yasiwe na namba hiyo kabisa, na mteja anayeihitaji kwa ajili ya ukaguzi wa mashindano atayakataa.

Karibu na namba hiyo kuna herufi mbili nyingine. Ya kwanza, AA, A, B au C, inaonyesha tairi linavyoshika wakati wa kufunga breki kwenye njia nyoofu yenye maji. Haisemi lolote kuhusu kona, na otokrosi karibu yote ni kona. Ya pili, A, B au C, inahusu uwezo wa kuhimili joto la mwendo kasi.

Joto ndilo linalotenganisha tairi na tairi

Mpira laini hushika vizuri ukipata joto la kiasi chake. Ukizidi, hulainika kupita kiasi na gari huanza kuteleza. Advan A052 linasifika kwa kushika mapema likiwa bado baridi, jambo linalofaa kwa mzunguko wa dakika moja. Lakini gari moja likitumiwa na madereva wawili kwa kupokezana, tairi halipati nafasi ya kupoa, na madereva huonekana wakilinyunyizia maji kati ya mizunguko. Ventus R-S4 huchelewa kupata mshiko wake bora, ila huvumilia joto na hudumu zaidi.

Jambo hili lina uzito kwa wanaouza katika maeneo ya joto. Tairi linalosifiwa kwenye asubuhi ya baridi huko ng'ambo linaweza kuchemka mapema kwenye lami ya saa saba mchana.

Saizi: upana bila kubadilisha kimo

Madereva wengi huomba tairi pana kuliko la kiwandani. Maandishi 205/55R16 91V yanasomeka hivi: upana milimita 205, ubavu asilimia 55 ya upana, rimu inchi 16, uwezo wa kubeba kilo 615 kwa tairi, na kasi ya juu kilomita 240 kwa saa. Anayetaka upana wa 225 anaweza kuchukua 225/50R16, kwa kuwa kimo chote ni milimita 631 na nusu hivi, sawa na kile cha kwanza, kilicho karibu 632. Kipimo cha mwendo hakitadanganya na gari halitakuwa zito kuondoka. Kinachobaki ni kuhakikisha upana wa rimu unakubali tairi hilo na kwamba halisugui mwili wa gari usukani ukikatwa.

Mwagizaji aangalie pia mshale wa kuzunguka na neno linaloonyesha upande wa nje. Matairi yenye mshale yana ya kulia na ya kushoto yakishafungwa, na hayawezi kuhamishwa upande bila kuvuliwa kwenye rimu.

Umri haufichiki

Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa mbio hukakamaa kwa miaka na kwa kila mara unapochemka na kupoa, hivyo tairi linaweza kuwa na kashata zote na lisiwe na mshiko. Hili lihusishwe na matairi yanayokuja yamefungwa kwenye magari yaliyotumika kutoka Japani, na yale ya bei ya kutupwa yanayopatikana Dubai. Picha ya kashata haitoshi. Muuzaji atakiwe kutuma picha ya tarehe ya kila tairi, yote manne.

Baada ya kupokelewa, matairi yahifadhiwe mahali pa giza na ubaridi, mbali na mafuta, mota za umeme na mashine za kuchomelea. Kuyaacha kwenye kontena juani ni kuyazeesha kabla hayajauzwa.

Hesabu ya kila mzunguko

Bei ya seti si gharama yake halisi. Chukua mfano wa hesabu tu. Seti ya kwanza inanunuliwa dola 880 na inatoa mizunguko 80 mizuri. Seti ya pili ni dola 680 na inatoa mizunguko 125. Dukani ng'ambo, mzunguko mmoja unagharimu dola 11 kwa seti ya kwanza na dola 5.44 kwa ya pili. Tofauti ni dola 5.56.

Sasa ongeza dola 320 za usafiri kwa kila seti hadi mji wa bara. Ya kwanza inafika dola 1,200, yaani dola 15 kwa mzunguko. Ya pili inafika dola 1,000, yaani dola 8. Tofauti imekua hadi dola 7. Meli na lori hutoza sawa kwa tairi litakaloisha mwezi ujao na litakalomaliza msimu. Kadiri mteja anavyokuwa mbali na bandari, Kampala, Kigali au Bujumbura, ndivyo tairi la kudumu linavyozidi kuwa na thamani kuliko lile lenye kasi ya nusu sekunde zaidi. Ushauri unaoandikwa kwa ajili ya dereva wa Nebraska, anayeletewa matairi mlangoni, hauwezi kunakiliwa hivihivi.

Nyaraka na matumizi ya barabarani

Katika mpangilio wa kimataifa wa bidhaa, matairi mapya ya magari madogo yako kwenye 4011.10, na yaliyotumika kwenye 4012.20. Kutangaza yaliyotumika kama mapya ni kosa linaloweza kusimamisha mzigo mzima mpakani, na msafirishaji akasubiri kwa kosa lisilo lake. Kabla ya kulipa, masharti ya ubora yathibitishwe na shirika la viwango la nchi mzigo unakoelekea, kama KEBS, TBS au UNBS.

Mwisho ni usalama. Tairi la mbio lililokwisha mshiko lisiuzwe kwa mwenye teksi kwa sababu tu bado linaonekana zuri. Alama za uchakavu zilizo ndani ya mifereji hujitokeza kashata zikibaki milimita 1.6, lakini mpira uliokakamaa hauoneshi alama yoyote. Mvua ya kwanza ndiyo humwambia dereva, na hapo mara nyingi ana abiria.