Uchawi Ukimkosa Mlengwa, Kadi Inafanya Nini?

Hebu jiweke mezani. Unacheza Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi uliotoka Marekani mwaka 1993, na umebakiwa na pointi 2 tu za uhai. Viumbe wawili wa mpinzani wanakushambulia: mmoja ana nguvu 3, mwingine 4. Mkononi una Lightning Helix, kadi inayompiga mlengwa pointi 3 na kukuongezea wewe uhai 3. Hesabu inakubali: unamuua yule mdogo, unafika 5, mkubwa anakutoa 4, unabaki na 1. Umepona!

Ila kabla kadi yako haijafanya kazi, mpinzani anajibu kwa kumtoa kafara kiumbe wake mwenyewe, yule yule uliyemlenga. Anaruhusiwa, maana kadi hupangwa kama rundo la sahani: iliyowekwa mwisho ndiyo inayotekelezwa kwanza. Sasa pointi 3 za kupiga hazina pa kwenda, sawa. Lakini zile 3 zako je?

Hupati kitu. Kadi iliyolenga ikipoteza walengwa wake wote haitekelezwi kabisa, hata ile sehemu isiyomhusu mlengwa. Mchezo umeisha.

Linganisha na Electrolyze, inayogawa pointi 2 kwa mlengwa mmoja au wawili, kisha unavuta kadi moja. Umelenga viumbe wawili, pointi moja moja, halafu mmoja akatoweka. Hapo kadi inaendelea: aliyebaki anapigwa 1 (siyo 2, mgao ulishafungwa ulipoicheza) na kadi yako unavuta. Mlengwa mmoja halali anatosha.

Kinachochanganya wengi ni Mind Rot, inayomwamuru mchezaji atupe kadi mbili. Akiwa nayo moja je? Anatupa hiyo moja. Mlengwa ni mchezaji, naye yupo. Kilichopungua ni kadi za kutupa, na amri hutimizwa kadiri inavyowezekana. Nayo Wrath of God, inayoangamiza viumbe wote, haimlengi yeyote, kwa hiyo haina wa kumkosa.

Richard Garfield, aliyeubuni mchezo huu, ni mwanahisabati, na nadhani inaonekana. Kwangu kanuni hii ni kali lakini ya haki: mpinzani naye alilipa, kwa kiumbe wake. Kwa hiyo ukishika kadi, tafuta kwanza neno target. Na pale mezani, kabla ya kucheza Helix, angalia kama mpinzani ana njia ya kutoa kafara.