Mitishamba na Dawa za Mzio: Zikutanapo Mwilini

Hebu tumfikirie mwanafunzi ambaye kila msimu wa maua ufikapo hupiga chafya mfululizo, macho yakamwasha na pua ikamchuruzika. Asubuhi ananunua vidonge vya klorofeniramini, ambavyo wengi wetu huviita piritoni. Jioni kifua kinambana, na bibi yake, kwa mapenzi, anamchomea majani makavu ya mnanaha avute moshi wake. Mwuza dawa ametoa anachokijua, na bibi naye ametoa anachokijua; wala hakuna aliyefahamu alichotoa mwenziwe. Je, vitu hivyo viwili vikikutana mwilini hutokea nini?

Yafaa tuanze na mzio wenyewe. Chavua au vumbi liingiapo puani mwa mtu mwenye mzio, baadhi ya seli za mwili wake hutoa kemikali iitwayo histamini. Kemikali hiyo hujishika katika vipokezi maalumu, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli. Mishipa midogo ya damu hutanuka, ngozi huwasha na kamasi humiminika. Dawa za mzio huviwahi vipokezi hivyo na kuizuia histamini isifanye kazi yake. Dawa ya kwanza ya aina hiyo ilipatikana mwaka 1937 katika utafiti wa Daniel Bovet mjini Paris, naye alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1957.

Lakini dawa za zamani za jamii hiyo, klorofeniramini ikiwa mojawapo, hazichagui sana kufuli za kuziba. Huingia katika ubongo, ndiyo sababu huleta usingizi. Tena huziba kwa kiasi fulani vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuamuru mate yatoke, mboni ya jicho ijikaze na kibofu kijikamue. Ndiyo maana anayezimeza huhisi kinywa kikavu.

Sasa turudi kwa mnanaha. Mmea huu una atropini na hiosini, kemikali ambazo huziba vipokezi vilevile vya asetilikolini, tena kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa kuwa atropini hulegeza misuli ya njia za hewa, tiba ya bibi haikuzuka katika ushirikina. Ina msingi wake. Hatari imo katika kujumlisha. Kidonge na moshi huvuta kamba upande mmoja: moyo huenda mbio, macho hayaoni vizuri, mkojo hukataa kutoka, joto la mwili hupanda na akili huvurugika. Isitoshe, kidonge cha kawaida kina miligramu 4 za dawa, bali jani halina kipimo. Nguvu yake hubadilika kwa umri wa mmea, udongo na sehemu iliyochumwa. Hata peke yake mnanaha umekwisha kuwadhuru watu wengi, hasa mbegu zake.

Iko njia ya pili ya kukutana, iliyofichika zaidi. Terfenadini, dawa ya mzio isiyoleta usingizi, iliingia katika soko la Marekani mwaka 1985. Kwa kawaida vimeng'enya vya utumbo na ini huigeuza karibu yote kabla haijaufikia moyo. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada, walipokuwa wakichunguza dawa ya shinikizo la damu, waligundua kwa bahati kwamba maji ya balungi huongeza kiasi cha dawa katika damu. Baadaye ilithibitika kuwa balungi hukizuia kimeng'enya kilekile kinachoigeuza terfenadini. Kimeng'enya kikizuiwa, dawa hulimbikizana na huweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kuua. Dawa hiyo iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 1998. Mahali pake pamechukuliwa na feksofenadini, ambayo haina hatari hiyo ya moyo. Lakini nayo ikimezwa pamoja na maji ya balungi, ya chungwa au ya tofaa, mwili hufyonza kiasi kidogo tu, na mgonjwa hapati nafuu. Imezwe kwa maji ya kunywa.

Basi tunda moja huizidisha dawa hii na kuipunguza ile. Neno "asili" halimaanishi "salama", wala neno "kisasa" halimaanishi hivyo. Hatusemi kwamba mitishamba idharauliwe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha kuichunguza tangu mwaka 1974. Tunalosema ni kwamba vyote ni kemikali, na mwili hauulizi kama kemikali imetoka dukani au porini.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: waorodheshe mimea inayotumiwa nyumbani kwao kwa mafua, pumu na miwasho, pamoja na vidonge vinavyotumiwa kwa maradhi hayohayo, bila kuonja chochote. Kisha wajadili ni ipi hutumiwa siku moja na dawa gani. Mgonjwa akichanganyikiwa au moyo ukimwenda mbio baada ya kuchanganya dawa, apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha mmea kichukuliwe pamoja naye. Aendaye kwa daktari aseme alichopewa na bibi, na aendaye kwa bibi aseme alichopewa na daktari. Siri baina ya wawili hao hulipwa na mgonjwa.