Mazoezi ya bastola bila risasi

Mazoezi ya bastola bila risasi ni njia ya kujifunza kulenga na kuvuta kifyatulio kwa kutumia bastola isiyo na risasi ndani yake. Hutumiwa na wanamichezo wa kulenga shabaha, askari polisi, wanajeshi na walinzi. Lengo lake kuu ni kukizoeza kidole cha shahada kuvuta kifyatulio bila kuutikisa mtutu.

Sababu

Kifyatulio kikivutwa, huachia pini inayogonga kitako cha risasi na kuwasha baruti. Bastola ni fupi, tena haiegemei bega kama bunduki, hivyo mkono ukicheza kidogo tu risasi huenda pembeni. Mtutu ukipinda kwa digrii 1, risasi hukosa shabaha kwa takriban sentimita 17 katika umbali wa mita 10, na sentimita 44 katika umbali wa mita 25.

Anayejifunza huogopa kishindo. Hukaza kiganja na kuinamisha mtutu kabla risasi haijatoka, na kishindo chenyewe hulificha kosa hilo. Pasipo risasi, kosa huonekana wazi.

Utaratibu

1. Magazini hutolewa kwanza, kisha chemba hufunguliwa na kukaguliwa kwa macho na kwa kidole. Chemba ikifunguliwa na kufungwa kabla ya kutoa magazini, risasi nyingine huingia ndani.
2. Risasi zote huwekwa katika chumba kingine.
3. Shabaha hubandikwa mahali panapoweza kuzuia risasi, kama tuta la udongo au ukuta mnene wa matofali. Bati au mbao hazifai.
4. Kidole hukaa nje ya kifyatulio mpaka mtutu uelekee shabaha.
5. Ncha ya kidole huvuta kifyatulio kurudi nyuma moja kwa moja, kwa nguvu inayoongezeka polepole, mpaka mlio mdogo usikike.
6. Mpigaji hutulia kidogo ili aone mtutu umeishia wapi.

Wengine huweka sarafu juu ya mtutu: ikianguka, kidole kimeutikisa. Dakika 10 kwa siku zinatosha, kwa kuwa mkono uliochoka hujifunza makosa.

Hatari kubwa huja mwishoni, pale mtu anaporudisha risasi kisha akajaribu "mara moja tu". Kwa hiyo zoezi likiisha, limeisha. Pia bastola nyingi za risasi ndogo za .22 huweza kuharibika pini au chemba zikifyatuliwa tupu. Kwa hizo hutumika risasi za bandia.

Katika michezo

Katika mashindano ya kimataifa ya bastola ya hewa ya mita 10, mchezaji hupiga mara 60, na kifyatulio hakiruhusiwi kuvutika kwa uzito unaopungua gramu 500. Baadhi ya bastola hizo zina sehemu maalumu ya kufanyia mazoezi bila kupiga.

Mipaka yake: mfano wa Nyangoto

Mazoezi haya hufundisha namna ya kufyatua. Hayafundishi kama inafaa kufyatua. Kwa askari, jambo hilo la pili ndilo zito zaidi. Nyangoto, mkoani Mara, ipo katika eneo la Nyamongo, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi baada ya kundi kubwa la watu kuingia mgodini. Kesi iliyofunguliwa Uingereza dhidi ya kampuni ya African Barrick Gold kuhusu watu waliouawa na kujeruhiwa mgodini ilimalizika kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2015.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinamtaka askari ajitambulishe na atoe onyo lililo wazi kabla ya kutumia silaha, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungehatarisha maisha. Kuua kwa makusudi kunaruhusiwa tu pale ambapo hakuna budi ili kuokoa uhai. Kanuni hizo zinataka pia askari wafunzwe njia nyingine, zikiwemo kushawishi na kusuluhisha.

Sheria

Nchini Tanzania umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bastola tupu bado ni silaha, na mwenye kuimiliki lazima awe na kibali.