Unateremka miamba ya Mwanza? Anza na fremu, gia baadaye

MWANZA haina uhaba wa baiskeli. Usukumani baiskeli ni mali, ni usafiri, na ni mchezo wa mashindano tangu enzi za wazee wetu. Lakini sasa wapo vijana wanaotaka kitu kingine: kushuka Isamilo, Igogo na Capri Point kwa kasi, katikati ya mawe na changarawe inayoteleza. Huko Phoenix ya kubebea mkaa haifai, na baiskeli nyingi za mtumba zenye shokapu mbele na nyuma kavu nazo zitakutia mkenge usipokuwa makini.

Kosa la wengi ni kuhesabu gia. Gia zinabadilishwa, tairi zinabadilishwa. Fremu ukishanunua, umeoa.

Tazama kwanza shingo, pale foku inapoingia. Mbio za baiskeli za milimani ziliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, na fremu za miaka hiyo zilitengenezwa kwa kukimbia na kupanda. Shingo yake imesimama, nyuzi 70 au 71. Kwa njia ya tambarare kwenda Kayenze ni tamu. Kwenye mteremko wa mawe, gurudumu la mbele linakuwa karibu mno na miguu yako. Likigonga jiwe, unarushwa juu ya usukani.

Fremu za kisasa za kazi hii zina nyuzi 64 hadi 66. Namba ikishuka, shingo inalala na gurudumu linasogea mbele. Na kuna jambo wengi hawalijui: ukifunga breki mteremkoni foku inazama, lakini nyuma ni kavu, haizami. Foku ikizama milimita 20 hivi, shingo inasimama kwa karibu nyuzi 1. Ndiyo maana kavu inahitaji shingo iliyolala tangu mwanzo.

Usidanganyike kwamba foku ndefu itatibu fremu ya zamani. Fremu iliyoundwa kwa foku ya milimita 100 ukiipachika ya 150, baiskeli inanyanyuka, inayumba, na mzigo wote unaishia shingoni. Shingo ikikatika katikati ya miamba, meno ndiyo yanalipa.

Halafu madini. Alumini ni nyepesi na ndiyo imejaa sokoni, ila ikichoka inapasuka ghafla, na kuichomelea kunataka mashine ya gesi ya agoni na fundi anayeijua. Hata hapo, moto unaidhoofisha. Chuma ni kizito kidogo, lakini kinanesa, kinapunguza mtikisiko wa mgongo, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukirudisha barabarani. Kwa mtu anayeendesha mbali na maduka ya vipuri, kilo moja ya ziada si hasara.

Angalia pia nafasi ya tairi la nyuma. Kwenye kavu, tairi ndilo shokapu lako la nyuma, kwa hiyo inchi 2.4 iingie na bado ibaki nafasi ya tope la masika. Sehemu ya kufungia breki za diski iwepo tayari. Bomba la siti liwe fupi, ili siti ishuke chini kabisa unapoteremka.

Kabla hujatoa hela, omba maji na kitambaa. Osha chini ya shingo, kwenye maungio ya siti na pale ekseli ya nyuma inapokaa. Pitisha kitambaa taratibu: kikinasa, au rangi ikiwa na mstari mwembamba kama unywele, achana nayo. Fremu iliyopakwa rangi mpya juu ya vipuri vilivyochakaa, uliza mara mbili inaficha nini.

Mwisho, chukua jina la modeli, litafute kwenye simu, usome vipimo vyake palepale. Muuzaji akikuharakisha, mwambie rahisi huwa ghali. Miamba ya Mwanza haijaenda popote, itakusubiri.