Henoc Muamba: mwana wa Kinshasa aliyetwaa kombe la Kanada

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, ukisema «mupira», kila mutu anafikiria ule wa miguu. Lakini Kanada iko mupira mwingine, wa kubeba mikononi, na Mukongomani mumoja alifika juu kabisa: Henoc Muamba, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1989.

Muchezo wenyewe uko namna gani?

Kila ekipe inaweka wachezaji 12 uwanjani. Mupira wenyewe uko murefu kama papai. Ekipe inayoushika inapewa nafasi tatu za kusogea mbele metre 9 hivi. Ikishindwa, wenzao wanauchukua. Muamba alikuwa mulinzi: kazi yake ilikuwa kuangusha mwenye mupira na kunyakua pasi za wapinzani.

Aliingia kwa mulango gani?

Aliingia Kanada na familia yake akiwa mutoto. Alicheza huku anasoma, mupaka univerisite ya St. Francis Xavier. Ligi ya kule, CFL, iko na ekipe 9. Kila mwaka ekipe zinachagua kwa zamu vijana waliocheza kwenye univerisite, na sheria inadai kila moja iwe na hesabu fulani ya wachezaji wa Kanada. Kijana wa wahamiaji aliyekulia kule anaweza kuingia katika hesabu ile. Mwaka 2011, Winnipeg Blue Bombers walimuchagua Muamba wa kwanza, mbele ya vijana wote.

Mwaka 2019, akiwa Montreal Alouettes, alitajwa muchezaji bora wa Kanada katika ligi. Tarehe 20 Novemba 2022, mujini Regina, alicheza fainali ya Grey Cup na Toronto Argonauts. Wapinzani walikuwa Winnipeg, walewale waliomuchagua zamani! Dakika za mwisho alinyakua pasi yao, Toronto wakashinda 24 kwa 23. Akapewa zawadi mbili: muchezaji bora wa fainali, na Mukanada bora wa fainali.

Sisi tunapata nini hapo?

Muamba hakupita kwa mutu wa kati. Alipita kwa masomo na mazoezi, miaka mingi. Basi mutu akikuja kuomba wazazi dola, eti atapeleka mutoto kucheza Kanada, mumuulize: ni masomo gani, ekipe gani, karatasi gani? Akikosa jibu, mubaki na pesa yenu, mulipe masomo ya mutoto.