Mgeni umpe mwiko

Leo naomba tuongelee sufuria.

Wengi wetu tulisoma mambo ya maendeleo, na wengine waliandika hata TFC juu ya wakimbizi. Neno "kuwaingiza katika jamii" tumelisikia mu semina mpaka masikio yamechoka. Mimi nililielewa jikoni kwa mama yangu, Uvira, mwaka 2015, na nililielewa kwa sababu sisi wenyewe tulikosea kwanza.

Mwezi wa nne mwaka ule, Burundi ilipowaka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, watu walianza kuvuka Gatumba kuingia kwetu. Wenye kujua Uvira wanajua: Bujumbura iko pale pale, usiku unaona taa zake ng'ambo ya ziwa. Kambi ya Lusenda, katika teritwari ya Fizi, ilikuwa bado haijafunguliwa. Basi watu walilala makanisani, mashuleni, na zaidi mu nyumba za watu. Kwetu aliingia mama mmoja na watoto wane. Sisi watoto tulimwita Mama Buja.

Mama yangu alimpokea kwa heshima yote. Mgeni anawekewa mkeka mzuri, anakula wa kwanza, mkia wa samaki tunabaki nao sisi. Asubui akishika ufagio, ananyang'anywa: "Acha, we ni mgeni." Tulijiona watu wazuri sana. Wiki ya tatu Mama Buja akaanza kukataa chakula. Mama akafikiri ni malaria.

"Unagonjwa?"

"Hapana, Mama. Lakini ninakula kama mtoto. Mama mzima mimi, kila siku ninaita watoto wangu waje kula chakula chenye sikupika. Unipe tu mbabula siku moja."

Mama alinyamaza. Kumbe lile jambo alilijua. Mwaka 1996 yeye naye alivuka ziwa usiku na mtumbwi mpaka Kigoma, akapelekwa Nyarugusu, na mimi nilizaliwa kule kambini. Alikuwa anapewa unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Njaa haikumuua, lakini alituambia kwamba alianza kujisikia mtu tena ile siku alipobeba unga wake wa mahindi mpaka kijiji cha Waha, akaubadilisha na mihogo. Mwanamke wa kule alimuuliza mihogo hiyo ataipikaje, wakaketi wakaelezana. Miaka kadhaa baada ya kurudi kwa meli hadi Baraka, bado alikuwa anamtaja mwanamke yule. Wenye kumpimia mgao wa kila mwezi sikumsikia kuwataja.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu umpe jembe. Ni neno zuri, lakini mkimbizi wa leo utampa jembe akalime wapi? Uvira imebanwa kati ya mlima na ziwa, shamba lenyewe sisi wenyeji tunakodi. Tuliloweza kumpa ni mwiko.

Jumamosi ile Mama Buja alipika ndizi na maharage mu sufuria moja, na vitunguu na mawese. Baba alikula vizuri, akashukuru, halafu akauliza bugali iko wapi. Tulicheka mpaka machozi, na yeye Mama Buja alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tunasikia sauti yake ya kucheka.

Toka siku ile mambo yalibadilika, na nataka nieleze namna gani, kwa sababu wengi wanafikiri ni ile kula ndiyo inaunganisha watu. Mimi naona ni kutayarisha. Chukua sombe. Ni majani ya muhogo, mabichi yana sumu, lazima yatwangwe na yachemshwe muda mrefu. Hakuna mtu anayepika sombe haraka haraka. Saa ile ya kutwanga, wanawake wa avenue wanafika, mmoja anashika mchi, mwingine anachambua ndagala, na midomo haitulii. Pale ndipo Mama Buja alijifunza chumba gani kinapangishwa kwa bei nzuri, shule gani inaweza kupokea mtoto asiye na buletini, muganga gani ni mwongo. Biro gani ingemweleza yote hayo? Na watoto wetu walishangaa kusikia kwamba sombe kwao ni isombe, ndagala ni indagala. Kumbe maneno ya Kirundi tulikuwa tunayala kila siku bila kujua! Mama Buja naye alituambia kwamba kwao pombe ya mtama inanywewa mu chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na ukiitwa kwenye chungu ujue umekubaliwa.

Lakini nisiwadanganye. Sufuria ina mwisho. Kutoka watu saba tukawa kumi na wawili, na kuna siku tulikula mara moja tu. Baba alianza kununa. Halafu msaada unapokuja, unakuja kwa jina la mkimbizi: yeye ana kadi, jirani aliyemlaza hana. Hapo chuki inaingia pole pole, na wimbo wa upendo hauitoshi. Kilichotuokoa ni hesabu. Mama alisema waziwazi: makaa ni yangu, chumvi na mafuta ni yako ukipata, ndagala tunapokezana. Mama Buja akaanza kukaanga mandazi mbele ya nyumba, na unga wa kwanza ulikuwa wa mkopo. Aliulipa. Aliyelipa deni, mlangoni haingii tena ameinamisha kichwa.

Nilipofika inivesite niliona kwamba wengine mbali waligundua jambo hilo hilo. Berlin, mwaka 2013, wanafunzi walienda kwa wakimbizi waliokuwa wamepiga hema Oranienplatz, wakawaomba wawafundishe mapishi yao. Ndipo ulipoanza mpango wa Über den Tellerrand. Paris, tangu 2016, kuna Refugee Food Festival: mikahawa inamwachia mpishi mkimbizi jiko lake, na wenyeji wanalipa kuja kula. Haiwapi watu karatasi wala nyumba, tusizidishe. Lakini angalia nani ameshika mwiko.

Ninaandika haya leo kwa sababu ya mama mudogo. Mwezi wa pili 2025, baada ya Bukavu, vita iliteremka uwanda wa Rusizi, na safari hii ni sisi tuliovuka kwenda Burundi. Maelfu walirundikana kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kule Cibitoke. Yeye alitoka Kamanyola na watoto watatu na blanketi moja. Siku tano simu yake ilikuwa haipatikani. Ya sita akapiga kwa simu ya mtu. Akasema amelala inje, mvua imewanyeshea, mtoto wa mwisho anakohoa. Halafu akasema kuna mama mmoja wa kule amemwita nyumbani kwake amsaidie kuchambua maharage, wakapika pamoja, watoto wamekula.

Nikamuuliza yalikuwa mazuri?

"Chumvi ilikosa," akasema. "Kesho nitamwonyesha."