Hospitali Zisizofungwa: Rekodi za Tamthilia za Madaktari

Tarehe 1 Aprili 1963, Sikukuu ya Wajinga, vituo viwili vya televisheni vya Marekani vilizindua tamthilia za hospitali siku hiyo hiyo. NBC ilileta The Doctors, ABC ikaleta General Hospital. Ya kwanza ilizimwa mwishoni mwa Desemba 1982. Ya pili bado ipo, na mwaka 2022 ilifikisha sehemu 15,000. Hakuna tamthilia ya mchana ya Marekani inayoendelea leo iliyo kongwe kuliko hiyo.

Ushindi wake mkubwa kabisa haukutokana na upasuaji wowote. Novemba 16 na 17, 1981, Wamarekani wapatao milioni 30 waliacha kazi zao mchana kweupe kutazama harusi ya Luke na Laura, huku Elizabeth Taylor akiigiza mwalikwa anayewalaani maharusi. Wengi hawapendi kukumbushwa kwamba uhusiano huo ulianza kwa Luke kumbaka Laura, kitendo ambacho waandishi walikuja kukipaka rangi ya mapenzi. Rekodi ni rekodi, lakini hii ina harufu.

Kwa tamthilia za jioni, taji la dunia la kudumu liko Uingereza. Casualty ya BBC ilianza Septemba 6, 1986, ikiwa na chumba cha dharura katika mji wa kubuni uitwao Holby, na haijafunga milango hadi leo. Derek Thompson alimwigiza Charlie Fairhead tangu sehemu ya kwanza hadi Machi 2024, zaidi ya miaka 37. Na Charlie si daktari bingwa, ni nesi. Aliyewahi kulazwa anajua kwamba hapo waandishi hawakukosea: madaktari huja na kuondoka, nesi ndiye anayejua dawa zimewekwa wapi.

Umri huu una sababu yake. Tamthilia ya familia lazima itafute kisa cha kumwingiza mgeni sebuleni. Ya hospitali inafungua mlango tu, machela inaingia, na juu yake kuna mtu mwenye jina, jeraha na ndugu wanaogombana koridoni. Akipona au akifa, kitanda kinapata mwingine. Ndiyo maana Grey's Anatomy, iliyoanza Machi 2005 kama hadithi ya madaktari wanafunzi wa Seattle, iliweza kuipita ER Februari 2019 kwa sehemu yake ya 332, na kuwa tamthilia ya kitabibu ndefu kuliko zote za jioni nchini Marekani. Kama hadithi bado ina pumzi baada ya miaka yote hiyo, hilo ni suala jingine.

ER yenyewe, ya mwaka 1994 hadi 2009, ilikuwa na rekodi za kutosha kujaza kabati. Mwanzoni mwa 1998 NBC ilikubali kulipa dola milioni 13 kwa kila sehemu moja, bei ambayo runinga haikuwa imewahi kuisikia. Miezi michache kabla, Septemba 25, 1997, waigizaji walifungua msimu wa nne mubashara, tena mara mbili: kwanza kwa watazamaji wa mashariki mwa Marekani, kisha saa tatu baadaye wakarudia yote kwa wale wa magharibi. Waandishi walikuwa wajanja. Walibuni kwamba kuna wapiga picha wanaotengeneza makala ndani ya hospitali, hivyo kamera ikitikisika au mtu akijikwaa, mtazamaji alione kuwa jambo la kawaida. Zaidi ya watu milioni 40 walitazama. Mwaka 2003 msimu wa tisa ulifungwa kwa sehemu iliyopewa jina la mji wa Kisangani, Dakta Carter na Dakta Kovač wakiwa Kongo katikati ya vita.

Usiku mmoja mkubwa kuliko wote ni wa hospitali ya mahema. M*A*S*H, kuhusu madaktari wa jeshi katika Vita vya Korea, iliagana na watazamaji Februari 28, 1983, mbele ya Wamarekani karibu milioni 106. Vita vyenyewe vilichukua miaka mitatu. Tamthilia ilichukua misimu 11. House, kwa upande wake, ilitangazwa kuwa kipindi kilichotazamwa zaidi duniani mwaka 2008, watu milioni 81.8 katika nchi 66, wote wakimfuata daktari ambaye ungemkimbia ukimkuta zamuni.

Ipo rekodi iliyodumu miaka mingi kisha ikaanguka. Mwaka 1964, Emergency Ward 10 ya ITV ilimwonyesha Dakta Louise Mahler, aliyeigizwa na Joan Hooley mzaliwa wa Jamaika, akibusiana na daktari mzungu. Ilisemwa ndilo busu la kwanza la mweusi na mzungu katika televisheni ya Uingereza. Mwaka 2015 watunza kumbukumbu wa filamu wakaibua mchezo wa 1962 uliomwonyesha Lloyd Reckord akimbusu mwigizaji mzungu. Haikuchukua muda ukatajwa mwingine wa 1959. Aliyebusu? Lloyd Reckord yule yule. Dakta Mahler hakubaki na rekodi wala kazi: alipelekwa Afrika, akaumwa na nyoka, akafa. Waandishi wakikosa la kumfanyia mhusika mweusi, Afrika ilikuwa karibu.

Rekodi ninayoiona nzito kuliko zote haina kombe. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa madaktari waliokaa kutazama ER, Chicago Hope na Rescue 911 wakihesabu mioyo iliyosimama. Walikuta matukio 60. Wagonjwa asilimia 75 walizinduka, na asilimia 67 walionekana kupona hadi kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nje ya runinga, moyo ukisimama nyumbani au barabarani, Marekani hupona takriban mtu mmoja kati ya kumi. Kisha kuna ile picha ya mstari ulionyooka kwenye mashine, daktari akipaza sauti watu wasogee, umeme unapigwa, mgonjwa anaruka kitandani. Mstari ukinyooka, umeme hausaidii kitu; kinachofanyika ni kukandamiza kifua kwa nguvu, pengine mbavu zivunjike, na kudunga adrenalini. Ndugu wanaosubiri nje ya mlango wamejifunza muujiza kutoka sebuleni, na daktari wa kweli ndiye anayetoka kuwaambia vinginevyo.

Mpya kabisa katika orodha ni The Pitt, iliyoanza Januari 2025: zamu moja ya chumba cha dharura mjini Pittsburgh, kuanzia saa moja asubuhi, sehemu 15 kwa saa 15. Noah Wyle, aliyekuwa Carter wa ER, aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy mara tano kwa nafasi ile na kila mara akarudi mikono mitupu. Septemba 2025, akiwa na miaka 54 na koti la daktari mwingine, huyu wa The Pitt, aliipata.